Niliyempita Kituoni

2 Februari

Kwa Bi Msiri, ukurasa wa "Nong'ona Nami"

Shikamoo Bi Msiri,

Leo ni Jumapili, tarehe mbili Februari, na nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo kalamu inayakataa. Mwalimu wetu wa lugha husema mtu anayeomba ushauri ni kama mgonjwa mbele ya daktari: akificha panapouma, atapewa dawa ya mahali pengine. Kwa hiyo sifichi.

Nina kaka mmoja, mkubwa kwangu. Anauza magazeti kwenye kituo cha mabasi karibu na shule yetu, na gazeti lako hulipanga katikati ya meza kwa sababu ndilo linaloisha kwanza. Kaka ana kifafa tangu utotoni. Kwetu si siri, ila hatukitangazi. Mama alinifundisha la kufanya tangu nilipoweza kubeba mto: mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee kola, usimshikilie, usimtie kitu mdomoni, subiri. Nyumbani kazi hiyo ni yangu, maana mama hutetemeka. Kaka akizinduka huniuliza, "Nimevunja nini leo?" nami humjibu, "Rekodi yako tu," kisha tunacheka.

Wiki iliyopita nilitoka shule na wasichana watatu wa darasa letu. Kwa muda mrefu nilitamani wanikubali, na siku ile ndiyo mara ya kwanza walinisubiri getini. Sikuwa nimewaambia kwamba muuza magazeti ni kaka yangu. Hawakuuliza, nami sikujipeleka. Tulipokaribia kituo tukaona watu wamejikusanya, na katikati yao nikaona miguu ya kaka ikipiga lami. Mmoja wa wenzangu akasema tupite ng'ambo, mate ya mtu kama yule yanaambukiza. Kulikuwa na mwanamume amemkalia kaka mikono, na mwingine alikuwa akiita aletewe kijiko.

Mimi nilijua kijiko hakitakiwi. Pengine pale kituoni ni mimi peke yangu niliyejua. Nikavuka barabara pamoja na wenzangu, Bi Msiri. Hata sikukimbia, nilitembea. Mmoja akaniuliza kama nimemaliza kazi ya hesabu, nikamjibu.

Kaka alirudi jioni bila jino moja la mbele. Walilivunja kwa kile kijiko. Mama alilia, akauliza kama kweli hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye akili. Kaka akasema watu walijitahidi. Kisha akanitazama na lile pengo, akasema sasa atapiga mluzi bila kufundishwa. Sikuweza kucheka.

Sijui kama aliniona. Nimwambie, au ninyamaze nimtendee mema maisha yangu yote bila kumweleza sababu? Nakuomba unijibu. Ukitaka kuniandikia, tumia sanduku la shule, anwani iko nyuma ya bahasha. Tafadhali nifiche.

Wako mtiifu,
Mwenye Haya


Gazeti la Jumamosi, 15 Februari
NONG'ONA NAMI

Bi Msiri, mimi ni msichana wa sekondari. Baba yangu ni mlevi. Siku moja nikitoka shule na wenzangu nilimkuta ameanguka mtaroni nje ya soko, watu wamemzunguka. Nilikuwa na uwezo wa kumsaidia lakini nilivuka barabara kama nisiyemjua. Alirudi nyumbani ameumia mdomo. Sijui kama aliniona. Nimwambie?
Mwenye Haya

Mwanangu, mwambie baba yako, tena mapema, kabla hajaambiwa na mwingine. Usitafute maneno mazuri, maana hayo ndiyo yanayochelewesha watu. Na wale wenzako, ukiona urafiki wao unakutaka umkane mzazi, ujue bei imepanda mno, waachie wenye uwezo waununue. Aibu ni kama moshi: ukifunga mlango unakurudia machoni.
Bi Msiri


20 Februari

Shikamoo Bi Msiri,

Nakushukuru kwa kunijibu, na tangu unijibu sina raha.

Kaka ana desturi yake. Jumamosi akimaliza kuuza huleta nyumbani nakala iliyochanika, isiyouzika, akatusomea ukurasa wako tukiwa jikoni. Wanaolia mapenzi huwasoma kwa sauti ya puani mpaka mama ashike mbavu. Safari hii alisoma kwa sauti yake mwenyewe. Mama akasema huyo si mtoto, ni jiwe. Kaka akamwambia asimhukumu mtu kwa jambo lililotokea yeye hayupo. Kisha akakunja gazeti akauliza chumvi iko wapi. Nilikuwa nakata kitunguu, nikaendelea kukata hata baada ya kitunguu kwisha. Ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kumwambia, na niliiacha ipite.

Lakini lililonifanya nishike kalamu haraka ni jingine. Kwenye dawati langu nakaa na msichana tunayemwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi. Baba yake ni fundi wa kupaka rangi nyumba, na kila mtu anajua kwamba anakunywa na kwamba huanguka popote. Jumatatu gazeti lililetwa darasani. Kabla ya kengele kulia, wote walikuwa wameshakubaliana Mwenye Haya ni nani. Wamempa jina, Mruka Baba. Mmoja wa wale wasichana watatu alilaza fagio mlangoni akamwambia, "Ruka, mwenzetu, si umezoea?" Chiriku aliapa kwamba si yeye. Wakasema hata mwizi huapa. Sasa hasemi na mtu. Nimekaa kando yake, viwiko vyetu vinagusana tukiandika, na nimenyamaza pia.

Bi Msiri, kwa nini ulimgeuza kaka kuwa baba, na kifafa kuwa pombe? Nilikuomba unifiche mimi. Sikukuomba umweke mwingine mahali pangu.

Mwenye Haya


25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha hii haina nembo ya gazeti, ili walimu wako wasiulize maswali. Nakuandikia kwa mkono, na mkono wangu umezoea mashine, kwa hiyo nivumilie hati hii ya kuku.

Nikueleze tunavyofanya kazi. Barua ikinifikia nabadilisha mtu, mahali na jambo lenyewe, kiasi kwamba aliyeandika ajitambue na jirani yake asimtambue. Muuza magazeti mwenye kifafa karibu na shule ni mmoja tu. Ningemwacha hivyo, angejulikana kabla chai haijapoa. Kwa hiyo nikatafuta kitu kilichojaa kila mahali. Nikasema walevi hawakosekani mtaa wowote, mitaro haikosekani soko lolote, hapa hatajulikana mtu. Sikufikiri kwamba nguo inayomtosha kila mtu haikosi wa kuvikwa. Nina mvi kichwani na nimefanya kosa la mwanagenzi. Barua yako niliisoma nimesimama, mhariri akaniuliza kama nimefiwa. Niliona haya kumwambia ukweli, nikamwambia ni macho.

Nataka kulitengeneza. Jumamosi ijayo naweza kuchapa mistari michache: kwamba aliyeniandikia hana baba mlevi, na kwamba hayo niliyatia mimi. Hiyo itamsafisha Chiriku. Lakini wasomaji watauliza basi ni nani, na si wote wajinga. Huenda wakafika kwenye meza ya kaka yako. Sitachapa kitu bila ruhusa yako, kwa hiyo nipe neno.

Na huyo rafiki yako, mwambie. Hilo halihitaji kiwanda cha kuchapa.

Nisamehe,
Bi Msiri


9 Machi

Shikamoo Bi Msiri,

Usichape, nakuomba. Anayekataza si mimi tena, ni Chiriku mwenyewe. Nitakueleza kwa utaratibu.

Nilijipangia kumwambia Jumatatu, wakati wa mapumziko. Jumatatu hiyohiyo baba yake akaja shuleni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na rangi nyeupe imebaki nyuma ya sikio. Kumbe huko kilabuni kuna mtu alimsomea ukurasa wako, wakacheka, wakamwambia binti yake amemwandika gazetini. Naye hana la kubisha, maana siku akianguka hakumbuki kwamba ameanguka. Alimwomba mwalimu ruhusa, akamwita Chiriku barazani. Madirisha yalikuwa wazi, na hakuna aliyejifanya anasoma.

Akamwambia, "Mwanangu, si wewe uliyenipita. Ni mimi niliyelala njiani. Nisamehe."

Nilidhani Chiriku atakana. Alitazama viatu vya baba yake kwa muda, kisha akasema, "Nimekusamehe, baba." Darasa zima lilisikia. Kwao huo ndio ukawa ushahidi.

Nilimwambia nyuma ya matangi ya maji. Nilikuwa tayari anipige. Hakunipiga. Alisema, "Kumbe ni wewe. Na mimi nimekuwa nikijiuliza kama kweli nilimpita siku moja nikasahau."

Kisha akanieleza. Hajawahi kumpita. Kila mara akimkuta humpakia kwenye mkokoteni wake wa kazi, pamoja na ngazi na ndoo, akamsukuma mpaka nyumbani huku majirani wakiuliza rangi ya leo ni ipi. Alitamani kumpita mara nyingi, na hakuthubutu. Mimi nilithubutu mara moja, na jina limemwangukia yeye.

Nikamwambia nitasimama mbele ya darasa kesho yake. Akanishika mkono mpaka ukauma. Baba yake hajagusa pombe tangu aliposomewa gazeti. Akijua kwamba hakuna aliyempita, atapata sababu ya kurudi. Nikamwambia si haki abebe kisichokuwa chake. Akanijibu, "Haki itakuwa yako, mlevi atakuwa wangu." Akanitaka niape kwamba nitanyamaza, nikaapa.

Sasa nikuambie lile baya zaidi, kwa sababu niliahidi kukueleza yote. Aliponiomba ninyamaze, nilifurahi kidogo. Nilihisi furaha ile ikipita ndani yangu kama maji ya baridi, na tangu hapo siwezi kumtazama.

Mwenye Haya


14 Machi

Mwanangu,

Sina jibu la kuchapa, na lisilochapika ni hili tu.

Kuhusu Chiriku na baba yake, nilishakuwa mwepesi wa maarifa mara moja na wewe unajua yaliyotokea. Sitarudia. Mtoto anayeamini kwamba baba yake anasimama kwa sababu ya uongo, ana kazi ya kuushikilia uongo huo asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo sijui.

Ila nimezitandaza barua zako mezani. Ya kwanza ilikuwa na swali moja: nimwambie kaka? Katika ya pili umemtaja, ukakimbilia kitunguu. Katika ya tatu hayumo kabisa. Huzuni ya rafiki yako ni ya kweli, sikatai, lakini pia imekuwa pazia zuri sana. Toka nyuma yake. Yule aliyekosa jino hajaambiwa kitu mpaka leo.

Nimekugombeza kwa sababu na mimi najigombeza.

Bi Msiri


23 Machi

Shikamoo Bi Msiri,

Nilimwambia. Ilikuwa Jumapili iliyopita, siku moja baada ya barua yako kunifikia. Alikuwa anafunga kwa kamba magazeti yaliyobaki ili ayarudishe. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Kaka, siku ile nilikuona ukiwa chini, nikavuka barabara."

Aliendelea kukaza fundo. Akasema, "Mimi nilikuona kabla yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwamba kifafa kikimjia huwa anakijua kidogo kabla, kuna harufu kama ya waya unaoungua. Siku ile kilipomjia aliinua macho akaniona naja na wenzangu, nacheka. Akajua kwamba wao hawajui kuwa sisi ni ndugu. Akaacha meza, akajaribu kwenda nyuma ya kibanda ili aangukie huko, nisiaibike mbele yao. Miguu haikumfikisha. Akasema, "Nimekuwa nikitaka kukuomba radhi, nikaogopa nitakutonesha."

Bi Msiri, kaka yangu mwenye pengo aliniomba radhi mimi. Nilitamani anitukane. Nilikaa juu ya lile furushi la magazeti nikalia, naye akasimama hajui pa kuweka mikono, mwishowe akaniambia niondoke nisilowanishe habari za watu.

Kisha akauliza kama ile barua ya gazetini ilikuwa yangu. Nikakubali. Akasema alishuku, maana mlevi akianguka watu hawamzunguki kumhurumia, humpekua mifuko.

Nilimweleza habari za Chiriku, na hapo hakutania tena. Alisema yeye alininyamazia akidhani ananisitiri, na kumbe kila mmoja wetu alikuwa akila chakula cha jioni na donge lake. Hakutaka Chiriku na baba yake waishi hivyo. Nikamkumbusha kwamba niliapa. Akasema basi tukaivunje ahadi hiyo mbele ya mtu mzima, na lawama iwe yangu, isiwe ya Chiriku.

Jumatano tulimkuta fundi akipaka rangi ukuta wa duka la dawa. Alikuwa juu ya ngazi. Nilimwambia nikiwa chini, kichwa nimeinua, na kaka kando yangu. Nilimwambia kwamba barua ni yangu, aliyeanguka ni kaka, na binti yake hakuandika kitu. Brashi yake ilikwenda na kurudi mahali palepale mpaka rangi ikaanza kutiririka.

Akauliza, "Kwa hiyo hakunipita?"

Nikajibu, "Hakukupita hata siku moja. Alikuwa akikupeleka nyumbani kwa mkokoteni."

Akashuka ngazi polepole, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Muuza dawa alitoka kuchungulia. Mwisho akasema, "Hilo la mkokoteni nimekuwa nikilisikia kilabuni, nikasema wananitania. Afadhali angenipita."

Hakusema kama atarudi kwenye pombe. Ijumaa nilimwona akivuka na ngazi yake begani, amenyooka. Jana sikumwona, na sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi nilisimama darasani kabla mwalimu hajaingia, nikasema yote, kifafa na kijiko na kila kitu. Wale wasichana watatu walicheka, kisha mmoja wao akaacha. Jina limehamia kwangu, wamelirekebisha kidogo kuwa Mruka Kaka. Linanienea. Chiriku aliniuliza neno moja tu, "Umemwambia na baba?" Nikasema ndiyo. Akabeba vitabu vyake akahamia dawati la mbele, na mpaka leo hajanisemesha. Simlaumu, maana niliapa nikavunja. Lakini Ijumaa aliinua mkono kwenye somo la historia, akajibu kwa kirefu kupita kiasi, mwalimu akamwambia inatosha, na yeye akaendelea tu. Niliinamisha kichwa nisionekane natabasamu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Niliiandika jana, kaka akiwa amesimama nyuma yangu. Inasema kwamba mimi ni mwanafunzi wa shule iliyo karibu na kituo, kwamba kaka yangu ndiye muuza magazeti wa pale, kwamba ana kifafa, kwamba nilimpita. Inasema pia kwamba binti wa fundi rangi hakuwahi kumpita baba yake. Jambo hilo sikuliandika mpaka nilipokwenda kwao kubisha hodi. Mama yake ndiye aliyenifungulia. Alirudi ndani kuuliza, akaja na jibu la Chiriku: niandike, lakini nisiutaje mkokoteni. Sikuutaja. Mwishoni kaka ameongeza mwenyewe la kufanya mtu akianguka.

Mama hataki. Anasema watu wataogopa kugusa gazeti lililoshikwa na mwenye kifafa, na meza ile ndiyo inayotulisha. Nilimwambia kaka kwamba mama huenda anasema kweli. Akajibu, "Huenda. Lakini nikianguka tena, angalau kijiko watakiacha kwenye chai."

Najua kazi yako ni kubadilisha mtu, mahali na jambo, na najua ulifanya hivyo kwa kunihurumia. Safari hii tunaomba usituhurumie. Jumamosi gazeti likitoka nitakaa mezani pamoja naye, nimevaa sare ya shule, na atakayeuliza mimi ni nani nitamjibu. Naogopa sana, sikufichi.

Nakuomba jibu kwa posta ya kwanza, Bi Msiri: utaichapa kama ilivyo?

Dada wa Muuza Magazeti